Mnasimamaje na Yesu kazini?

Mtunza stoo:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mzigo ukiingia pungufu, bosi ananitaka nisaini kwamba umetimia, eti tofauti tutaimaliza wenyewe. Mpaka leo nimekataa, na wenzangu wameninunia, wananiita mlokole anayewazibia riziki. Jioni nikifungua Biblia nasinzia kabla sura haijaisha. Alfajiri mkono unawahi simu kabla goti halijagusa sakafu. Sitaki kuwa Mkristo wa Jumapili tu. Ninyi mlio makazini mnafanyaje?

Mama Mwombaji:
Mwanangu, soma Danieli 6 taratibu. Wengi tunakimbilia simba, tunaruka kazi ya Danieli. Alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliosimamia maliwali (watawala wa majimbo) 120, kwa hiyo usidhani alikuwa na muda kuliko wewe. Hata hivyo alipiga magoti mara tatu kwa siku, na amri ya kumkataza ilipotoka hakutafuta maombi mapya, aliendelea na yaleyale. Tena adui zake walichunguza kwanza utendaji wake kazini, wasione kosa. Mimi hapo ndipo panaponigusa sana! Kukataa kusaini uongo ni ibada tayari, usiitenge na maombi yako. Hesabu mzigo mbele ya dereva, andika idadi uliyoiona, naye asaini, kisha ubaki na nakala. Bosi mjibu kwa heshima, usimhubirie.

Ndugu wa zamu ya usiku:
Mama amesema kweli. Ila ndugu yangu, usitegemee kwamba ukisimama imara mambo yatanyooka kesho. Yusufu alimkimbia mke wa bosi wake Potifa, akaishia gerezani. Jiandae na hilo pia. Kuhusu simu, ilaze chumba kingine. Ukiamka soma zaburi moja kwa sauti, ukiwa umesimama. Siku ya haraka kuna Zaburi 117, mistari miwili tu.

Dada K:
Naomba nimtetee kwenye usingizi, maana naona anajihukumu. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Kaka, kama jioni mwili umegoma, sema Baba Yetu ulale. Kusoma kuhamishie mapumziko ya mchana, na kama kuna mpendwa mwingine hapo kazini, someni pamoja. Ukiwa peke yako katikati ya walionuna, siku moja utasaini.