Kikoba chetu kimegoma kuchangia wagonjwa baada ya kutapeliwa. Niwaambie nini?

Mama_Ndizi_Soweto
Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya, nauza ndizi na viazi soko la Soweto. Tuna kikoba cha akina mama na mbali na hisa tunaweka elfu moja kila wiki kwenye mfuko wa jamii. Ni wa misiba na maradhi yetu, ila tulikuwa tunasaidia hata watu wa nje.

Kabla ya Pasaka walipita vijana wawili na boksi la bati lenye kufuli, bango la mtoto aliyevimba tumbo, na barua yenye mhuri wa mtendaji. Wakasema anatakiwa Muhimbili kwa upasuaji. Mwenzetu mmoja alilia palepale. Tukatoa 200,000 ya mfuko, achilia mbali mia tano na elfu za mtu mmoja mmoja.

Juzi mwanachama mwingine kaenda Makambako kufuata maharage, kaikuta picha ileile stendi. Jina jingine, ugonjwa mwingine, namba ya simu nyingine. Akaipiga picha na kuturushia kwenye grupu.

Sasa dada anayetuletea chai hapa sokoni, mtoto wake wa miaka 7 kavunjika paja na ameambiwa awekewe chuma. Mtoto tunamjua, alikuwa anashinda chini ya meza zetu. Kikoba kimesema hata mia haitoki. Katibu kasema tukimpa huyu, kesho watapanga foleni. Kinachonisumbua zaidi ni mimi mwenyewe: siku hizi nikiona bango la mgonjwa kitu cha kwanza natafuta uongo. Nisaidieni.

Kijana_wa_Sae
Laki mbili ni gunia ngapi za viazi? 😂 Pole dada, matapeli wa siku hizi wana digrii.

Mtumishi77
Ukishatoa umetoa. Mungu anaangalia moyo wako, aliyekula atajibu mwenyewe.

Msangu_wa_Igurusi
Mtumishi, hiyo kauli ndiyo inayowalisha hawa watu. Hela ya kikoba si sadaka yako binafsi, ni jasho la wanawake wengine. Mimi niliacha kuchangia nisiowajua. Nikivuna mpunga, gunia moja ni la mama mkubwa kijijini, basi.

Bibi_Nesi
Mwanangu pole. Nimefanya kazi wodini mpaka nikastaafu, ngoja nikueleze.

Picha haithibitishi kitu. Mhuri nao unachongwa mtaani kwa hela ya chakula cha mchana. Mgonjwa wa kweli ana namba ya faili, ana daktari anayemhudumia, na akiwa hospitali ya serikali bili yake hutolewa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Hiyo unailipa kwa simu hapohapo sokoni, hela inakwenda hospitali na risiti inabaki kwenu. Mwambieni dada wa chai alete bili. Anayekwambia bili ipo lakini "nipe mkononi tu", muulize kwa nini.

Pili, na hili watu wengi hawalijui: kabla hamjachanga, je, mama huyo amefika ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini? Sera inawasamehe watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza. Wa kwake ana 7, kwa hiyo hapati moja kwa moja, lakini ustawi humkagua asiye na uwezo, na anaweza kusamehewa au kupunguziwa. Aende na barua ya serikali ya mtaa. Nimeona familia zikiuza shamba wakati ofisi hiyo iko mlango wa tatu kutoka wodini.

Ila msije mkamhoji kama mwizi. Anawauzia chai kila siku, atawatazamaje usoni baadaye?

Mdau_Uyole
Naongezea. Wakija wanaosema ni shirika, waombe cheti. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa kwa sheria ya mwaka 2002, na afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kukusaidia kuulizia. Ukituma kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Bango linasema mama wa mtoto, jina linakuja la dume zima? Kata. Zile meseji za "nisaidie mwanangu yuko ICU" zipeleke 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli.

Msangu_wa_Igurusi
Na wale wa boksi? Mmeshaona mabango mawili yenye picha moja, kachukueni RB (namba ya taarifa) polisi. Kujipatia hela kwa udanganyifu ni kosa, si bahati mbaya ya soko.

Mama_Ndizi_Soweto
Ndaga fijo, asante sana Bibi Nesi. Nimeongea na dada wa chai, ustawi hajawahi kufika, hata hakujua kama kuna ofisi hiyo. Jumatatu anakwenda, na nimemwomba katibu amsindikize, yuleyule aliyekataa. Kakubali kwa sharti: bili aione kwa macho yake, na mfuko ulipe kitakachobaki tu baada ya msamaha, kwa kontroo namba. Kuhusu kwenda polisi, wenzangu wanaogopa usumbufu, bado tunabishana.

Kijana_wa_Sae
Mimi nina bajaji. Jumatatu niwabebe bure na mtoto, anayevunjika paja hapandi daladala. Nicheki PM.

Bibi_Nesi
Waondoke asubuhi na mapema, Jumatatu kuna foleni. Na barua ya mtaa waichukue kesho, siyo siku hiyohiyo.