MREJESHO: Onyo la kukatiwa intaneti kwenye gesti yangu, Mtwara

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilileta hapa shida yangu: mtoa huduma wa intaneti kanitumia onyo kwamba laini ya gesti yangu, hapa Ligula, imetumika kupakua filamu za wizi. Nikauliza kama wanasoma kila tunachofanya.

Ahsanteni sana. Aliyenielekeza niombe kwa maandishi nakala ya malalamiko, nikitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, alinisaidia kuliko wote. Majibu yalikuja baada ya siku 11. Kumbe hakuna aliyefungua meseji za wageni: mwenye filamu ndiye aliyeiona anwani yetu ya IP (namba inayoitambulisha laini mtandaoni) kwenye torenti, yaani njia ya watu kugawana mafaili wao kwa wao, maana anayepakua kwa njia hiyo huonekana na wote wanaogawana faili lile. Moyo ukatulia. Wageni wangu wengi ni watu wa korosho, miamala yao wanafanyia humo humo.

Nenosiri nimebadilisha, wageni nimewatengea mtandao wao. Kuzuia torenti kwenye ruta kumesaidia nusu tu: poti za kawaida (milango ya mtandao ambayo torenti hupitia) nimefunga, lakini programu nyingine zinapenya. Kwa hiyo nimebandika tangazo mapokezi, na kila mgeni naongea naye mwenyewe. Onyo la pili halijaja.

Swali moja wamelikwepa: je, jina langu walimpa mlalamikaji? Nimeandika tena. Wakikaa kimya napeleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.