Uwanja wa gofu ya diski wa wanaoanza umeporwa: nani aliwauliza wanaoanza?

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Katika bustani ya umma iliyo jirani na makazi yetu, kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kulikuwa na uwanja mdogo wa gofu ya diski wenye mashimo 9 (shimo katika mchezo huu ni njia nzima kutoka sehemu ya kurushia hadi kwenye kikapu). Ulikuwa juu ya nyasi tambarare, bila kilima, bila kichaka na karibu bila mti, na shimo lake refu kuliko yote halikuzidi futi 220, yaani mita 67 hivi. Majira haya ya kuchipua, wasimamizi wa bustani wamevihamisha vikapu vingi hadi kando ya uzio na kung'oa alama za sehemu za karibu za kurushia, kiasi kwamba shimo la kwanza, ambalo mtoto wa miaka 8 alilimaliza kwa mirusho minne, sasa limepita futi 350, yaani mita 107 hivi. Sababu waliyoibandika kwenye ubao wa matangazo ni kwamba wachezaji wenye uzoefu wameuona uwanja kuwa mwepesi mno.

Kwa wasioujua mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Mchezaji hurusha diski ya plastiki, ndogo na nzito kuliko frisbi ya kuchezea ufukweni, kuelekea kikapu cha chuma kilichosimama juu ya mlingoti, chenye minyororo inayoning'inia ili kuizuia diski na kuiangusha ndani. Anayeitia diski kikapuni kwa mirusho michache kuliko wengine ndiye mshindi. Aliyeuwekea mchezo huu misingi, Ed Headrick, alifungua uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove huko California, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA. Mchezo ulianzia kwenye bustani ya umma, na katika bustani nyingi za umma za Marekani kuucheza ni bure hadi leo. Ndiyo maana familia zetu zimeupenda, kwa sababu gofu ile ya vijiti na mipira inataka fedha ambazo mtu anayefanya zamu mbili za kutunza wagonjwa hana.

Sasa tuzungumze kuhusu urefu, maana hapo ndipo dhuluma ilipo. Mtu mzima anayeanza, akiwa na diski ya gramu 150 na bado hajajua kuzungusha nyonga, huirusha mita 40 hadi 60 akijitahidi sana, na mtoto huirusha chini ya hapo. Shimo la mita 55 humpa mtu huyo nafasi halisi ya kufika karibu na kikapu kwa mrusho wa kwanza, ajaribu kumalizia kwa wa pili, akikosa amalizie kwa wa tatu. Katika mashimo 9 atakuwa amejifunza mambo yote mawili ambayo mchezo huu unayadai, kurusha mbali na kulenga karibu. Likiwa la mita 107, mtu huyo huyo atarusha, atatembea, atarusha, atatembea, na atakapofika kwenye minyororo mkono umechoka na mtoto aliyefuatana naye ameshaomba kurudi nyumbani.

Kuna madhara mengine ambayo wasimamizi hawakuyafikiria. Mwanafunzi wa mchezo huu anapowekwa mbele ya shimo refu, jambo la kwanza analofanya ni kununua diski ya masafa marefu. Juu ya diski nyingi zimeandikwa namba nne, na ya kwanza ni ya kasi: diski za kumalizia huwa na 2 au 3, za masafa marefu hufika 12 au zaidi. Diski ya 12 inataka mkono wenye kasi kubwa sana ili iruke ilivyosanifiwa, na ikirushwa na mkono wa mwanafunzi hupinda mapema na kuanguka, kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia kwa mtindo wa kawaida wa kutanguliza mgongo wa mkono. Naye hudhani kosa ni lake, huongeza nguvu, bega huanza kuuma, na akirudi dukani ameshatumia dola 20 nyingine. Walimu wengi wa mchezo huu humwambia anayeanza aanze na diski moja ya kumalizia na moja ya masafa ya kati, na ushauri huo hufuatika pale tu uwanja ulipo mfupi.

Nimesoma pia hoja kwamba uwanja tambarare ulio wazi haufundishi kitu. Aliyeiandika hajasimama kwenye uwanja kama huo siku ya upepo wa Minnesota. Pasipo miti ya kuukinga, upepo unaotoka mbele huinyanyua diski na kuipindua upande usiotarajiwa, na unaotoka nyuma huikandamiza ishuke kabla ya wakati wake. Mwanafunzi huyaona hayo yote kwa macho yake, tangu diski inapotoka mkononi hadi inapotua, kwa sababu hakuna tawi lililoikatiza safari. Zaidi ya hayo, haipotezi diski yake. Mpelekeni mtu huyo msituni siku yake ya kwanza, atumie nusu saa akipekua majani kutafuta diski moja, kisha mniambie kama atarudi wiki inayofuata.

Kinachonikera zaidi ni kwamba walioomba mabadiliko haya hawakukosa mahali pa kuchezea. Wana uwanja wa Kaposia huko South St. Paul, wenye miti na miinuko ya kumtoa jasho mchezaji yeyote. Wana na ule wa Blue Ribbon Pines huko East Bethel, katikati ya misonobari. Minnesota ni miongoni mwa majimbo yenye viwanja vingi vya mchezo huu Marekani nzima, na wenye magari na mikono yenye nguvu wanaweza kuchagua kila Jumamosi. PDGA yenyewe, katika miongozo yake ya usanifu, imezitofautisha ngazi za wachezaji kwa rangi, kuanzia dhahabu ya walio bora kabisa hadi kijani na zambarau za wanaoanza na watoto, na inataka urefu wa mashimo ulingane na wale waliokusudiwa. Kwa hiyo uwanja wetu ulikuwa sahihi ulivyokuwa, na waliouharibu hawawezi kujitetea kwamba walikuwa wakifuata utaalamu.

Nilipopiga simu ofisini, ofisa aliyepokea alinijibu kwamba wanaoanza wana ruhusa ya kusogea mbele na kurushia popote wapendapo. Jibu hilo lilinikasirisha kuliko mabadiliko yenyewe. Anayesogea mbele anasimama katikati ya njia, huku nyuma yake, futi 350 kutoka kwenye kikapu, yupo mtu mwenye diski yenye ukingo mwembamba inayoweza kumpasua mtoto kichwa. Kanuni za mchezo zinamkataza mchezaji kurusha kabla hajahakikisha kwamba diski yake haitamjeruhi mtu, lakini wengi wanaofika pale hivi sasa huja na mifuko iliyojaa, hurusha diski sita mfululizo kwa mazoezi, na hawapazi sauti ya kuonya hata pale diski inapoelekea kwenye njia ya waenda kwa miguu. Hapo awali vikapu vilikuwa mbali na njia hiyo, na sasa viwili viko kando yake kabisa.

Jumapili baada ya ibada, uwanja ule ulikuwa unajaa watu wetu. Nimeona pale bibi aliyetoka Kisii kuwatazama wajukuu wake, kanga kiunoni, akiitia diski kikapuni na kushangiliwa na watoto ambao hata Ekegusii chake hawakielewi vizuri. Sijui mahali pengine hapa mtaani ambapo bibi na mjukuu wanaweza kushindana kwa haki na bila malipo. Kwa umbali wa sasa, bibi huyo hukaa kwenye benchi na kushika mikoba.

Ninachodai ni hiki. Vikapu virudishwe vilipokuwa kabla ya msimu huu, au kila shimo liwekewe sehemu ya pili ya kurushia isiyozidi futi 200, yenye alama inayoonekana na zege la kusimamia, na vile vikapu viwili viondolewe kando ya njia mara moja, bila kusubiri uamuzi wa mengine. Kamati ya bustani hukutana kila mwezi na kikao chake ni cha wazi. Ndugu mlio Brooklyn Park, Brooklyn Center na vitongoji vya jirani, nawaomba tuhudhurie kikao kijacho pamoja na watoto na wazee wetu, na kila mmoja aliyewahi kukoswa na diski pale aandike tarehe, saa na namba ya shimo, maana nimeshaandaa barua na nataka ushahidi huo uambatanishwe kabla sijaiwasilisha.