Ushauri: Niko mwaka wa kwanza chuo, aibu inanimaliza. Nihamie kozi gani isiyo na prezentesheni?

mpole_wa_nyanda
Habari za usiku wakuu. Naombeni ushauri, kejeli wekeni pembeni kwanza.

Ni kijana wa miaka 21, mwaka wa kwanza, chuo cha serikali, nasomea ualimu wa masomo ya sanaa. Tangu utotoni mimi ni mtu wa aibu. Nilitoka shule ya kata, kidato cha tano na sita darasa letu lilikuwa dogo, tukazoeana. Hapa ukumbi mmoja watu mamia, na kwenye semina unaitwa jina, unatoka mbele, unaongea Kiingereza huku TA (mkufunzi msaidizi) ameshika karatasi ya alama. Zamu yangu ilipofika sauti iligoma kabisa. Mkono ulitetemeka mpaka karatasi ikawa inagonga maiki, kha kha kha, ukumbi mzima unasikia. Mmoja huko nyuma akasema "mpeni maji". Walicheka.

Tangu hapo kula ni saa tisa alasiri, kantini ikiwa tupu, wali umepoa na maharage yameshika chini, ilimradi nisikae meza moja na mtu anayenijua.

Swali: kozi gani haina prezentesheni, niombe kuhama mwakani? Naandika hivi wenzangu chumbani wamelala.

KibuyuKikavu
Haipo dogo. Hata wahandisi mwaka wa nne wanatetea mradi mbele ya jopo. Na wewe ni mwalimu mtarajiwa, ukimaliza mwaka wa kwanza BTP, mazoezi ya kufundisha shuleni, inakusubiri. Watoto themanini darasani, na wale hawakuletei maji.

MamaWawili
Mwanangu pole sana. Kwa ninavyoona shida si aibu, ni lugha. Miaka saba ya msingi mmefundishwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza mnatupwa kwenye Kiingereza na mwalimu mwenyewe anachanganya. Soma kwa sauti kila siku hata ukurasa mmoja. Mwanangu wa pili nilimfanyia hivyo, sasa hivi namwomba anyamaze.

Mlugaluga
Nyie wa sasa mna raha. Mimi nilikosa chumba, nikabebwa. Kitanda kimoja watu wawili, mwenyeji wangu anakoroma kama mashine ya kusaga, na siku ya ukaguzi unarukia dirishani na ndala mkononi. Ukiishi hivyo muhula mzima aibu utaitolea wapi? Bumu (hela ya mkopo) likitoka jamaa alikuwa ananikata hela ya godoro, na godoro lenyewe... ngoja niishie hapo.

HojaKwanza
Mtoa mada unazunguka. Vyuo vingi alama 40 ni za ndani na 60 ni za UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Za ndani una ngapi mpaka sasa? Testi umefanya? Semina unaingia?

mpole_wa_nyanda
Testi ya kwanza nilifanya, nikapata vizuri tu. Ya pili sikuingia. Semina nimepunguza.

HojaKwanza
Umepunguza au umeacha? Na hivi tunavyoongea upo chuo?

mpole_wa_nyanda
Mkuu sikutaka kuanika kila kitu. Nipo Makambako kwa dada yangu, tangu bumu lilipotoka. Nilisaini, nikapanda basi. Nimekodi fremu karibu na stendi, nimenunua mashine ya fotokopi ya mtumba. Dada anajua nipo likizo.

Kabla hamjaanza kunishambulia: hela sijanywea pombe. Siku za kawaida naingiza zaidi ya ile elfu kumi ya bodi ya mikopo. Na hapa naongea na watu vizuri, kwa sababu mteja haji kunipa alama.

Mja_wa_Mola
Kijana, hiyo elfu kumi kwa siku ni ya chakula na malazi ya mwanafunzi, si mtaji. Kuna mtoto wa mkulima amekosa mkopo mwaka huu, yuko nyumbani anachunga. Wewe umesaini kwa kidole chako, ukashika njia. Deni hilo halifi. Ukiajiriwa popote bodi inakata 15% ya mshahara. Tubu, rudi.

PilipiliManga
Chai hii, tena haina sukari. Mwanzo "wenzangu chumbani wamelala", sasa ni Makambako na fotokopi. Wenzako gani, mashine? Mods ungeni huu uzi na ile ya binti aliyeacha udaktari akafuga kware.

KibuyuKikavu
Aisee nilikuwa naanza kumwonea huruma 😂

Mlugaluga
Kware waliishia wapi kwani? Mimi nilinunua mayai yake.

mpole_wa_nyanda
Wenzangu ni wapwa zangu, nalala nao chumba kimoja. Sikuandika neno hosteli popote, rudini juu msome. Chai ningeitunga nzuri kuliko hii.

CR_Mstaafu
Iwe chai isiwe chai, mimi nimekuwa CR, kiongozi wa darasa chuoni, miaka mitatu na nimeona watu wakipotea hivi hivi. Mdogo wangu, mambo ya kozi achana nayo. Kinachokumaliza ni kuondoka kimya. Anayeahirisha masomo kwa barua, kabla ya UE, nafasi yake inamsubiri na mkopo unasimamishwa kwa utaratibu. Anayetoweka anafutwa, na kurudi ni kuomba upya. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, ofisi ipo kila chuo. Mweleze ya maiki kama ulivyotueleza sisi. Mwenzetu mmoja mwenye kigugumizi aliomba azungumze mbele ya TA na kikundi chake tu, wakamkubalia.

mpole_wa_nyanda
Hilo la kuongea mbele ya kikundi tu sikulijua. Ila CR, fremu nimeilipia miezi sita. Mashine nimwachie nani? Na barua naanzia idarani au kwa huyo mshauri?

CR_Mstaafu
Kwa mshauri kwanza, atakupeleka idarani. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Mashine dada yako ataishika, lakini lazima ajue kwamba haupo likizo.

PilipiliManga
Tiketi ya basi iwekwe hapa ndiyo nitaamini.

MamaWawili
We Pilipili, mwache mtoto apumue. Mwanangu, dada ameamka?