Wenye gesti wa Unguja, hadi lini mgeni alipe chumba mara mbili?

Jamani, kuanzia Nungwi hadi Paje mnatutia aibu. Mgeni keshalipa, siku chache kabla ya safari anapata ujumbe kutoka akaunti yenu halisi ya Booking.com: kadi imekataliwa, thibitisha hapa. Analipa tena, kwa mwizi. Akishatua anakuja juu, nanyi mnasingizia mtandao. Mtandao gani? Mlango umefunguliwa mapokezini kwenu.

Mchezo wenyewe ni huu. Inaingia barua pepe ya mgeni anayelalamika. Kijana wa mapokezi, kwa kumwogopa bosi, anabofya. Ukurasa unamwambia athibitishe kuwa si roboti: bonyeza Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Kumbe ukurasa umeshanakili amri kimyakimya, na yeye kaibandika na kuiendesha kwa mkono wake! Kirusi kinazoa maneno ya siri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Microsoft walitangaza hili Machi 2025. Hakuna ukurasa wa kweli unaokupima uroboti kwa Windows na R. Liandikeni hilo mlibandike pembeni ya kioo cha kompyuta.

Wala msitegemee peke yake ile namba inayotumwa kwenye simu unapoingia kwenye akaunti. Iwekeni, lakini kirusi hubeba pia alama ya kivinjari kwamba umeshaingia, kwa hiyo mwizi haulizwi namba.

Mkishapigwa, mnakimbilia kubadili neno la siri kwenye kompyuta ileile. Si mnamkabidhi mwizi jipya? Chukua simu safi, tumia bando lako, badilisha la barua pepe kwanza kisha la akaunti, ondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia. Kompyuta ifutwe, Windows iwekwe upya.

Halali lakini, si ya kuchakachua! Programu ya kuichakachua kwa kawaida hukuagiza uzime kinga ya virusi. Nani huiwasha tena? Windows 10 nayo, masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma 14 Oktoba 2025.

Na neno la siri moja kwa wafanyakazi sita, mmoja keshahamia hoteli ya jirani, hilo ni neno la siri au salamu? Kila mtu awe na lake, anayeondoka afutwe siku hiyohiyo. Wageni wapeni waifai yao, rauta nyingi zina sehemu hiyo.

Halafu zile picha za pasipoti zilizojazana kwenye kompyuta ya mapokezi, mgeni kaondoka tangu msimu uliopita, mnazifuga za nini?