Geji ya mafuta ya Land Rover Series III haishuki chini ya robo, naombeni ushauri

Mpanda_Milima: Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover Series III ya petroli, ile fupi, tanki chini ya kiti cha dereva. Geji ikifika robo inagoma kushuka, halafu gari linazima. Juzi limezima katikati ya mlima wa Kitonga, malori nyuma yangu na watoto ndani. Nikijaza tanki, sindano inapita alama ya F. Fundi anataka tuongeze rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) kwenye waya wa geji. Niweke ya omu ngapi? Anakuja Jumamosi.

Chesi88: Acha rezista kwanza. Geji ya joto ikoje? Kwenye Series III hizo geji mbili zinalishwa na stabilaiza moja nyuma ya dashibodi, inayoshusha umeme hadi wastani wa volti 10. Zote mbili zikisoma juu kupita kiasi, stabilaiza imepoteza ethi, yaani haigusani vizuri na bodi ya gari. Zikilala zote, imekufa au haipati umeme. Ikidanganya moja tu, tafuta kosa kwingine.

Mama_Gereji: Ndugu yangu, na watoto ndani! Gari la umri huo halisafirishwi kwa kuamini sindano. Tanki lako ni la lita 45 hivi. Kila ukijaza andika kilomita, na ukikaribia nusu jaza tena. Kitonga si mahali pa kubahatisha.

Kebo_Moja: Volkswagen Beetle za modeli ya 1962 hadi 1967 geji yake ilivutwa kwa kebo kutoka kwenye boya (kile kinachoelea ndani ya tanki kupima mafuta), bila umeme wowote. Ikikosea, unarekebisha urefu wa kebo, basi. Wazungu wangeishia hapo.

Mpanda_Milima: Geji ya joto iko sawa. Fundi anasema ya mafuta imezeeka.

Chesi88: Usikubali kabla ya kupima. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi kwenye boya, ufunge imara kwenye bodi, ndipo uwashe swichi. Usiuguseguse waya karibu na tanki umeme ukiwa umewashwa, cheche moja inatosha kulipua mvuke. Sindano ipande polepole hadi F. Ikifika, zima. Fungua waya, uache ukining'inia bila kugusa chuma, washa tena: sindano ilale. Ikifanya hivyo, geji na waya ni vizima. Kisha pima boya lenyewe kwa mita, kati ya terminali na bodi. La asili linatoa omu 240 hivi tanki likiwa tupu, na 30 hivi likijaa.

Mpanda_Milima: Nimefanya yote. Imepanda hadi F, na waya ulipoachwa ikalala. Boya, tanki likiwa tupu: omu 108.

Mkaguzi_Huru: Hii chai. Boya la Series III likichakaa, waya wake wa ndani unakatika na sindano inarukaruka. Likitoboka likaingiza petroli, linazama na geji inasoma chini. Wewe unasoma juu ukiwa mtupu na unapita F ukijaza, yaani kipimo kizima kimehama. Ama hujapima, ama hiyo Land Rover huna.

Mpanda_Milima: Mkuu, gari ninalo. Boya si la asili. La zamani lilitoboka, madukani halikupatikana, fundi akafunga la Toyota pick-up. Tundu la tanki lilipanuliwa kidogo. Halivuji, linapanda na kushuka vizuri, ndiyo maana sikulitaja. Na rezista nimeshanunua, ya omu 130.

Chesi88: Hapo ndipo penye kosa. Maboya mengi ya Toyota za zamani yanatoa 110 hivi tanki likiwa tupu na 3 likijaa. Geji yako ya asili, ya kampuni ya Smiths, ikiona 110 inajua ni robo. Ukiongeza 130, tupu itakuwa 240, sawa kabisa. Ila ukijaza utapata 133, na sindano haitafika hata robo.

Mpanda_Milima: Si bora hivyo? Nitajua E ni E kweli. Boya la asili halitakaa kwenye tundu hili.

Mkaguzi_Huru: Naondoa neno chai. Lakini kati ya tupu na kujaa sindano itabaki na nafasi ndogo sana. Ukiwa na lita 10 na ukiwa na lita 25 utaona karibu kitu kilekile.

Chesi88: Tundu linatatulika bila kulehemu. Chonga pete ya chuma ya milimita 3: nje ifuate matundu ya skrubu ya sasa, ndani ifuate boya la Series III. Gasketi ya koki juu na chini. Silikoni ya kawaida usitumie, petroli inailainisha. Betri ichomolewe, tanki litolewe nje na kumwagwa kabisa, na grenda isikaribie tanki hilo hata likionekana kavu. Pima omu za boya kwa mkono kabla ya kulifunga, na hakikisha pete inashika ethi, la sivyo geji itasoma chini. Kisha mimina lita 5 kwa 5 na kila mara weka alama penye sindano.

Mpanda_Milima: Pete hiyo inachongwa kwa shilingi ngapi?

Mama_Gereji: Mpelekee mchonga vyuma vipimo vya tundu na boya lenyewe mkononi, ndipo akupe bei. Na Jumamosi fundi asiguse waya.