Probox manyuali au otomatiki kwa mlima wa Kibosho?

Mdau wa Kiboriloni

Wakuu, habari za leo. Natafuta Probox ya 1.5, injini ya 1NZ, ya kupanda na kushuka Kibosho, huku Moshi, kila siku. Watu wawili, na siku za soko mikungu ya ndizi kilo 250 hivi. Masika njia za ndani zinateleza kama sabuni. Moyo uko kwenye manyuali, ila kila ninayemuuliza anasema klachi itanifilisi. Otomatiki ndizo zimejaa yadi. Manyuali ina faida gani ya kweli mlimani, na nikiipata nakagua nini kabla ya kutoa hela?

Gia Tano

Mkuu, chukua manyuali. Injini ni ileile, kwa hiyo usitegemee nguvu zaidi. Faida ni joto. Otomatiki ya gia 4 inapitisha nguvu kwenye konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Ukipanda polepole na mzigo konveta haijifungi, inateleza, na kule kuteleza ndiko kunakochemsha oili. Hapo gia nayo inahangaika: pili, tatu, pili tena. Kwenye manyuali ukishaachia pedeli, pleti ya klachi imeuma flaiwili (lile gurudumu zito la injini) na hakuna kinachoteleza. Unaingiza ya pili kabla ya kona, unapanda nayo mpaka juu. Na usisubiri injini ianze kukoroma ndipo upunguze gia: injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo ya Kibosho si ile ya Dar.

Klachi huuawa na mguu. Kushikilia gari mlimani kwa klachi badala ya hendibreki, kuegesha mguu juu ya pedeli, kuondokea gia ya pili ukiwa na mzigo. Ukiacha hayo, pleti inakaa miaka.

Kukagua: vuta hendibreki hadi mwisho, hakikisha hakuna mtu mbele, ingiza gia ya 4, panda raundi 1,500 kisha achia klachi taratibu. Injini nzima inazimika palepale. Ikiendelea kuunguruma, pleti imekwisha au ina oili. Fanya mara moja tu, usimuunguzie mwenzio.

Halafu sikiliza. Gari liko nyutro, mguu nje ya klachi: ukisikia mvumo unaopotea ukikanyaga pedeli, ni beringi ya shafti ya kuingilia, na hapo giaboksi inashushwa na kufunguliwa. Mlio ukianza *pale unapokanyaga*, ni beringi ya rilizi, ile inayosukuma klachi iachie, hiyo inabadilishwa pamoja na klachi. Wauzaji wengi watakuambia zote ni "sauti ya kawaida ya Probox".

Auto Sina Hatia

Naona otomatiki anahukumiwa bila wakili. Kwanza, ina 2 na L, gia za chini kwenye leva. Tatizo ni dereva anayepanda na kushuka na D mwaka mzima. Weka 2 kabla ya mlima na hiyo pili-tatu-pili haipo. Kushuka vilevile: 2 au L, injini ishike gari, breki zisichemke. Na nyutro kwenye mteremko ni marufuku kwa gari zote mbili.

Pili, oili ya giaboksi. Chomoa dipu uisome, mara nyingi aina imeandikwa pale pale, T-IV au WS. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, achana na gari hilo. Angalia mwaka pia: Probox za kuanzia 2014 ni CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kawaida, na hiyo ina oili yake peke yake. Ukimwaga ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, humo, umeua mkanda.

Kwa anayeshinda kwenye foleni ya Kilombero, Arusha, ningemwambia achukue auto na mguu wa kushoto upumzike. Kwa Kibosho na ndizi, sawa, nakubali manyuali. Hasa ukikwama: auto ya kuvuta magurudumu ya mbele haikokotwi kwa kamba umbali mrefu, kwa sababu pampu ya oili ya giaboksi haizunguki injini ikiwa imezimwa.

Mdau wa Kiboriloni

Asanteni wakuu. Kuna moja nimeiona: klachi imepita jaribio la gia ya 4, ila ikishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili inakwaruza asubuhi, baadaye inaacha. Fundi anataka tushushe giaboksi.

Spana 24

Asishushe kitu bado. Ikikwaruza ya pili peke yake, na gari likiwa baridi tu, shuku sinkro ya pili (pete inayolinganisha kasi ili gia iingie) iliyoanza kulika au oili isiyo sahihi. Ikikwaruza gia zote pamoja na rivasi, basi klachi haiachii vizuri: angalia kopo la maji ya klachi, kisha masta ya juu na silinda ya chini kama zinavuja.

Mwaga oili uitazame. Giaboksi hiyo inachukua karibu lita 2 za oili ya 75W-90, chukua ya daraja la GL-4. Fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ya kujazia ikiwa imeganda na umeshamwaga, gari limelala hapo hapo. Pakaza oili ya zamani kwenye kitambaa cheupe: vumbi la rangi ya dhahabu ni sinkro, unaweza kuishi nayo ukipunguza gia bila pupa. Vipande vya chuma vinavyokwaruza vidoleni ni meno ya gia, hapo mrudishie muuzaji ufunguo wake.

Jaza hadi oili ianze kuchuruzika tunduni, gari likiwa limesimama sawa, si kwenye mteremko wa gereji. Endesha siku mbili. Na hilo jaribio la asubuhi fanya gari likiwa limelala usiku kucha. Ukimkuta muuzaji ameshaliwasha kabla hujafika, rudi kesho yake.